Muhuri Hauna Sauti

Kompyuta yangu hunisomea kila kitu, na hapo ndipo shida inapoanzia. Haichagui. Mtu akiniandikia maneno matatu, halafu chini yake akaacha barua kumi na saba za wiki iliyopita zikining'inia, itanisomea yale matatu kisha itanisomea zote kumi na saba, pamoja na jina la kila aliyeziandika, cheo chake, simu yake, na mstari wa Biblia alioubandika chini ya jina. Sauti yake ni ya kike na Kiswahili chake ni cha mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Ninyi mnaoona, jicho huruka upuuzi likatua penye maana. Mimi naweza kuiambia mashine iruke, ndiyo, lakini nikishaiambia hivyo sijui imeruka nini. Kwa hiyo mara nyingi nausikiliza upuuzi wote hadi mwisho, na nikifika mwisho naikuta maana yenyewe haipo.

Sioni tangu nilipokuwa na miaka minne, surua ilipopita kwetu. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya Meru mjini, na nimekifundisha kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya walimu wenzangu. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanionea huruma huko mbele. Huruma nimepewa tele, nyingine za kunishika mkono kwa nguvu na kunivusha barabara ambayo sikutaka kuivuka. Ninachodai ni adabu.

Sisi walimu wenye watoto wasioona katika madarasa ya kawaida tuna orodha yetu ya barua pepe. Ni anwani moja tu: ukiituma barua hapo, inawafikia wote, kuanzia kwenye baridi ya Timau hadi kwenye joto la Mbeere. Anayepata karatasi nene za nukta nundu anawaambia wenzake. Aliyebuni njia ya kumfundisha mtoto asiyeona umbo la pembetatu kwa uzi na gundi anaieleza. Msimamizi wa orodha ni mimi. Watu huniuliza kwa nini tusiende WhatsApp kama binadamu wengine. Tulienda. Tukakuta vibandiko vya waridi, video za wachungaji, na salamu za asubuhi zilizoandikwa juu ya picha ya jua. Mashine yangu ikawa inasema "picha, picha, picha" kutwa nzima, nami nikatoka. Barua pepe ina maneno, na maneno ndiyo macho yangu. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Kwangu mimi ni kuonana kote.

Sasa basi, wageni. Kila mwanzo wa muhula kuna walimu wapya wanaokabidhiwa mtoto asiyeona bila maandalizi, maskini, nami nawaingiza kwenye orodha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nalitoa siku ile ile. Namtumia kila mmoja barua ya kanuni: jambo jipya lianze na kichwa chake kipya, futa maneno ya zamani usiyoyajibu, usijibu watu wote jambo linalomhusu mtu mmoja, na usitume picha ya maandishi, andika maandishi yenyewe. Kitu gani hapo ni kigumu? Mtoto wa gredi ya nne angeelewa.

Ala! Kumbe hujui walimu. Asubuhi moja mwalimu mgeni wa kutoka pande za Timau aliandika kujitambulisha, akamalizia, "Mungu ni mwema." Mtu aliyelelewa makanisani kwetu hawezi kuyaacha maneno hayo hewani. Ni lazima ajibu "kila wakati", la sivyo atajihisi amemkana Bwana. Basi wakajibu. Wote. Kwa wote. Kila mmoja na barua ya mwenzake chini yake, na ya mwenzake wa kabla yake chini ya hiyo. Nilikuwa chumba cha walimu, masikio nimeyaziba kwa vipokea sauti, nikisikiliza "kila wakati, kila wakati" hadi chai yangu ikaganda utando. Katikati ya msururu huo palikuwa na mwalimu mmoja aliyeuliza kama kuna mtu ana kitabu cha Sayansi cha nukta nundu. Hakuna aliyemwona. Niligonga meza.

"Madam, leo umekasirishwa na nani?" akauliza jirani yangu wa meza, mwalimu wa Hesabu, mama mcheshi ambaye hunisomea yale ambayo mashine haiwezi.

"Na wacha Mungu," nikamwambia.

Akacheka hadi akakohoa. Lakini mimi sikucheka. Nikawaandikia wote barua kali. Nikasema Mungu anajua kwamba tunajua ni mwema, na hana haja ya nakala. Nilifurahi siku ile, nisidanganye. Walinyamaza wiki mbili, ukimya mtamu ajabu.

Ndipo akaja mwalimu wa Kiambere.

Yeye ni Mmbeere, shule yake iko huko karibu na bwawa la umeme, mahali ambapo mtandao unapatikana mbele ya mlango wa kanisa na si kwingine. Barua yake ya kwanza ilifika bila neno hata moja ndani. Mashine ikasema, "Picha," kisha ikasoma jina la ile picha, tarakimu kumi na kitu mfululizo, kama mtu anayesoma namba za mita ya maji. Nikamwita jirani yangu aje atazame.

"Ni barua," akasema. "Imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya shule, halafu ikapigwa picha. Imelala upande. Mwandiko mzuri. Na hapa chini amepiga muhuri wa shule."

"Inasema nini?"

"Anakusalimu. Anatumaini wewe na jamaa yako mko salama, anauliza kama mvua imenyesha Meru, na kama mifugo iko sawa. Anafurahi kuingia kwenye orodha. Basi. Halafu muhuri."

Muhuri kwenye salamu! Nilimjibu palepale, mbele ya wote, kwa sababu wakati ule niliamini mtu akikaripiwa hadharani na wengine hufunzika. Nikamwandikia kwamba hapa hatusomi picha, na kwamba ikiwa anamfundisha mtoto asiyeona huku akimwandikia mtu asiyeona kwa picha, basi ajiulize anafundisha nini. Siku iliyofuata akaomba radhi. Mashine ikasema, "Picha." Jirani yangu alipofika kwenye sehemu ya muhuri ilibidi aketi kwa kucheka. Kaomba radhi rasmi, jamani, kwa muhuri.

Nikampigia simu. Nilikuwa nimejiandaa kumkaanga, lakini sauti yake ikanivuruga, ya upole, ya mtu anayesimama wima hata anapoongea na simu.

"Mwalimu, kwa nini unanitumia picha?"

"Madam, samahani sana. Nilifikiria nikiandika tu hivyo kwa simu, bila stampu, si itaonekana nimejiandikia tu?"

"Umejiandikia tu. Ndiyo maana ya kuandika!"

"Lakini huku kwetu, Madam, barua haina stampu si barua. Hata mzazi akileta ruhusa ya mtoto kuenda kliniki, mwalimu mkuu anauliza stampu ya chifu iko wapi."

Alisema kweli. Nani asiyeijua nchi hii? Maneno ya mtu hayana uzito mpaka yapigwe mpira wenye wino. Mtoto akifiwa, akiumwa, akizaliwa, lete muhuri. Walimu wakuu wengine hutembea nao mfukoni usije ukaibwa. Yule mwalimu hakuwa mjinga. Alinipa heshima kubwa kuliko zote alizozijua, nami nikamtukana mbele ya watu.

Lakini sikumwambia hivyo. Nikamfundisha. Kila Jumanne saa ya chai alikuwa anasimama mbele ya mlango wa kanisa lao na simu yake, nami niko chumba cha walimu, namwelekeza hatua moja moja. Hapa andika kichwa. Hapa futa ya zamani. Alikuwa mwanafunzi mzuri, ila salamu zilimshinda kuziacha. Niliwahi kumtajia kwamba ng'ombe wangu ana mimba, na kuanzia siku hiyo kila barua yake, iwe ya kuuliza kalamu za nukta nundu au ramani za kupapasa, ilianza na hali ya ng'ombe wangu mbele ya walimu wote. Nikamwambia, "Mwalimu, acha ng'ombe wangu. Nenda moja kwa moja kwenye jambo." Akasema, "Sawa, Madam." Akaacha. Nikajisifu kwa jirani yangu kwamba huyu sasa ameiva.

Jambo lenyewe lilikuwa msichana mmoja. Wa gredi ya tisa, mwanafunzi wake pekee asiyeona. Alikuwa akiona kidogo hadi miaka michache iliyopita, kisha macho yakazima kabisa, na nukta nundu akajifunza kwa hasira, ndivyo mwalimu wake alivyosema, kama mtu anayelipiza kisasi. Alikuwa anasoma haraka kuliko wenzake wanaosoma kwa macho. Lakini katika mtihani wa majaribio, karatasi zilizoletwa shuleni zilikuwa za wino tu. Alikaa mbele ya karatasi laini saa nzima na nusu, vidole juu yake, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hakipo. Mwalimu aliponisimulia hayo kwenye simu, mimi nilikumbuka karatasi zangu za zamani. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakuja. Tusipoomba karatasi zake za nukta nundu kwa wakati, angekaa tena vile vile, na safari hii isingekuwa majaribio.

Maombi ya upande wetu wote yalikuwa yanakusanywa na ofisi moja hapa mjini. Sitaitaja. Ofisa wa zamani tulizoeana naye. Nilikuwa namtumia barua moja ya maneno matupu yenye majina yote, shule na mahitaji, naye anajibu, "Nimepata." Mwaka huo alikuwa amestaafu na akaja kijana mpya. Nikamwingiza kwenye orodha, nikamtumia barua ya kanuni kama mgeni mwingine yeyote. Kisha nikatuma majina.

Shule nyingine zote, zilizo karibu na mji kuliko Kiambere, zilipeleka pia karatasi zao kwa mkono, ni mazoea yao tu. Mwalimu wa Kiambere akaniuliza kwenye simu, "Madam, na mimi nisafiri nilete barua ya stampu? Ama nikuandikie tu kwa imeili?"

Nikamjibu kwa majivuno, nayasikia mpaka leo. "Mwalimu, baki na watoto wako. Andika tu. Maneno yanatosha."

Akaandika. Ilikuwa barua safi kuliko zote zilizowahi kupita kwenye orodha ile. Kichwa chake wazi, jina la mtoto, gredi, masomo, karatasi za nukta nundu, hana macho ya kuona maandishi makubwa. Mistari mitano. Nikaituma ofisini ilivyo.

Kisha kimya. Nikadhani kimya ni "nimepata".

Siku kumi baadaye jirani yangu wa meza, ambaye naye nilikuwa nimemtia kwenye orodha ili anisaidie, akaniuliza, "Madam, uliiona ile barua ya ofisi?"

"Mimi niliona lini?"

"Wacha mchezo. Ya yule kijana. Iko hapa tangu wiki jana."

Haikuwa kwangu. Tukatafuta. Kumbe mwezi uliotangulia mmoja wetu alikuwa amefiwa na baba, na chini ya kichwa "Pole kwa msiba" walimu walikuwa wamemiminika, nami baada ya kutoa pole yangu niliiamrisha mashine iweke kando kila kinachokuja na kichwa hicho. Yule kijana wa ofisini hakujua kuanzisha barua mpya. Alichukua barua ya kwanza iliyomjia mbele ya macho, ile ya msiba, akabonyeza kujibu wote, na humo akatia jawabu lake. Na jawabu lake, enyi wasomaji, lilikuwa picha. Ya barua. Yenye muhuri.

Nilipandwa na hasira. Ofisi inayoshughulikia watoto wasioona! Inamwandikia mwalimu asiyeona! Kwa picha, ndani ya matanga ya mtu! Walimu wengine walikuwa wameiona na wakapita, kwa sababu haikuwataja wao. Wengine, hili nililijua baadaye, chini yake walikuwa wameandika "Amina".

"Soma," nikamwambia jirani yangu.

"Imefifia, Madam. Wamepiga picha kwenye kivuli. Naona 'tunasikitika'. Naona Kiambere. Sehemu hii ya kati sioni kabisa."

Nikamtumia mwalimu wa Kiambere ile picha na kumpigia simu; naye hakuwa ameufungua msururu ule wa pole. Nilimsikia akikimbia, pengine kwenda kwenye mlango wa kanisa. Baada ya robo saa ikaja barua yake, na nitakufa naikumbuka. Alikuwa ameikuza ile picha sehemu kwa sehemu na kuinakili yote kwa maneno, bila kuacha kitu. Aliandika: "Juu kuna nembo. Chini yake kuna mstari mweusi. Kisha maneno yanaanza." Akayaandika maneno. Tunasikitika kwamba ombi la mwanafunzi wa Kiambere haliwezi kushughulikiwa kwa kuwa lililetwa kama ujumbe tu, si barua rasmi yenye muhuri. Barua rasmi ifikishwe kabla ya saa sita mchana, na siku iliyotajwa ilikuwa kesho yake. Mwishoni akaandika: "Hapa kuna sahihi, haisomeki. Hapa kuna muhuri wa duara, wino wa bluu, umekaa upande kidogo, umefunika neno 'rasmi'."

Nimeshika mihuri mingi maishani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunionyesha mmoja.

Nikampigia tena. "Mwalimu, piga picha barua yenye muhuri unitumie sasa hivi. Sahau nilichokufundisha."

Akavuta pumzi. "Madam, mwalimu mkuu ameenda Mombasa, kwa mkutano wa walimu wakuu. Muhuri ameenda nao."

"Ameenda na muhuri Mombasa kufanya nini? Kupiga samaki?"

"Huwa hauachi, Madam. Mwaka jana kuna watoto walijiandikia ruhusa." Kisha akasema, bila lawama yoyote, na hiyo ndiyo iliniuma, "Ningekuja ile wiki ya kwanza ningekuwa nimeufikisha."

Mimi ndiye niliyemwambia maneno yanatosha. Mimi ndiye niliyeamrisha mashine isinisomee. Lawama za wageni zilikuwa zimenijaa kinywani, na sasa nikazimeza moja moja.

Kesho yake asubuhi nilienda shuleni mapema, nikatoa mashine yangu ya nukta nundu kabatini, ile ya chuma, nikaweka karatasi nene. Nikaandika barua rasmi. Nikaeleza kwamba naandika kwa niaba ya shule ya Kiambere ambayo mkuu wake yuko safarini, nikataja jina la mtoto, gredi yake, masomo yake, na kwamba anahitaji karatasi za nukta nundu kama hii. Nikaipeleka kwa mwalimu wetu mkuu, mama mwenye subira, nikamsomea kwa vidole mwanzo hadi mwisho.

"Sasa unataka nini kwangu?" akauliza.

"Muhuri."

"Madam, wewe unatafuta vita."

"Natafuta karatasi za mtoto."

Akaupiga. Tuktuk ikanifikisha ofisini saa tano kasoro. Palikuwa na foleni, nikasimama kwenye zamu yangu kama watu. Nilipofika kwenye kaunta nikaiweka barua mbele yake.

"Karibu, Madam," akasema yule kijana. Sauti nzuri, ya mtu aliyelelewa vizuri. Karatasi ikageuzwa, ikageuzwa tena. "Madam, naona hii ni karatasi tupu."

"Si tupu."

"Naona tu stampu."

"Basi umeona unachotaka. Si mlisema barua yenye muhuri? Huo hapo."

Nyuma yangu watu wakaanza kuchekacheka. Akashusha sauti. "Madam, siwezi kupokea barua ambayo siwezi kuisoma."

"Mimi niliipokea yako," nikasema.

Kicheko kikakatika.

"Ile ya Kiambere," akasema polepole. "Nilituma kwa picha."

"Kwa picha. Ndani ya msiba wa watu."

"Sikujua, Madam. Nilijua ni mwalimu. Sikujua kwamba..."

"Barua ya kanuni nilikutumia siku ya kwanza. Uliisoma?"

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mwambie, mwalimu!" Lakini hasira ilikuwa inanitoka. Kijana alikuwa anapumua kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga na mimi sikuja kushinda.

"Chukua kalamu," nikamwambia. "Nitakusomea, wewe uandike."

Nikaweka vidole juu ya karatasi, nikaanza. Aliandika. Nilipotaja jina la mtoto aliniuliza linaandikwaje, nikamtajia herufi. Nilipofika kwenye "karatasi za nukta nundu kama hii" kalamu ikasimama. Nikasikia kidole chake kikipita juu ya karatasi yangu, kikisita, kikirudi.

"Mtoto huyu alipewa karatasi laini kwenye majaribio," nikamwambia. "Akazitafuta nukta hivyo hivyo."

Akamaliza kuandika. Nikamtaka anisomee alichoandika, akanisomea chote, hakukosea. Kisha akavuta droo, na nikausikia muhuri wake ukishuka juu ya ile karatasi aliyoandika yeye mwenyewe: du! Ulikuwa mlio mzuri kwelikweli, na nilikasirika kwamba umenifurahisha.

"Zitafika?" nikauliza.

"Nitazifuatilia mimi mwenyewe, Madam."

Ahadi za ofisini nazijua. Kwa hiyo wiki zilizofuata sikulala vizuri. Nilimwandikia kila Jumatatu, barua ya mstari mmoja, na kila Jumatatu alinijibu kwa maneno, chini ya kichwa chake sahihi, "Bado nafuatilia." Katika wiki hizo ng'ombe wangu alizaa ndama jike. Nilitaka kumwambia mtu. Nikafungua kompyuta, nikakumbuka kanuni zangu, nikaifunga.

Siku ya kwanza ya mtihani nilikuwa chumba cha walimu tangu saa moja asubuhi. Saa mbili na dakika chache barua ikaingia kwenye orodha. Kichwa: Karatasi zimefika Kiambere. Mashine ikaisoma kwa sauti yake ya kigeni, na haikuwa na mkia wowote wa barua za zamani.

"Zimefika. Ni za nukta nundu. Amezipapasa akasema ni zenyewe."

Basi. Hapakuwa na kitu juu wala chini. Barua kamili, kama nilivyofundisha. Jirani yangu wa meza akanishika bega, maana alikuwa ameisoma kwenye simu yake, naye akapiga kigelegele hadi wanafunzi wakachungulia dirishani. Nilifurahi mpaka nikalia, lakini niliirudia ile barua mara ya pili, na ya tatu, nikitafuta kitu ndani yake. Mtu yule aliyekuwa akiniulizia mvua, akiniulizia nyumbani, akiniulizia mnyama ambaye hajamwona, sasa ananiandikia kama polisi anayeandika ripoti. Hata hujambo! Nikahisi hasira ikinipanda tena, ile ile ya kila siku, nikaitafutia mtu wa kumpa, sikumpata mwingine zaidi ya yule aliyekaa kwenye kiti changu.

Nikaweka vidole kwenye herufi. Nikabonyeza kujibu wote, mbele ya kila mgeni niliyewahi kumkaripia, na sikufuta hata neno moja la chini.

"Mwalimu, asante. Ng'ombe alizaa. Mbona huniulizi?"